Samaki wa Mzungu katika Maji ya Gura

Mwezi wa Oktoba ukikaribia, sisi tuliotawanyika Nairobi, Nakuru, Mombasa na ng'ambo huanza kupiga simu nyumbani kuuliza jambo moja tu: mvua imefika? Kiswahili huiita vuli. Wazee wetu huiita mbura ya mwere, mvua ya mawele, ingawa mawele yenyewe wajukuu wao hawajawahi kuyaona shambani. Lakini kuna watu wengine wanaouliza swali hilo hilo bila kuwa na hata robo eka ya mahindi. Hao ni wavuvi wa trauti.

Ukikutana na mmoja wao kwenye daraja atakueleza msimu kwa namna yake. Septemba, baada ya baridi na ukungu wa gathano, Gura huwa chini na maji huwa meupe kiasi cha kuhesabu kokoto. Hapo samaki anakuona kabla hujamwona. Inabidi upige magoti nyuma ya jiwe na kutupa mshipi kuelekea juu, maana trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka. Mvua ya kwanza kubwa ikishuka kutoka Nyandarua, mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa na uvuvi husimama kwa siku kadhaa. Kisha maji yanapoanza kutakata, huku yamebeba minyoo na wadudu wa kando, samaki hula bila kuchagua. Hizo ndizo siku zao. Kufika Novemba mto umejaa, na mwenye akili havuki. Kila mtu wa kwetu atakuambia kwamba Gura ndio mto wenye kasi kuliko yote Afrika, na hakuna anayebishana naye akiwa amesimama ukingoni mwezi huo.

Wengi wetu tumekua tukidhani samaki huyu ni wa hapa, kama kaa wanaojificha chini ya mawe tuliowawinda tukiwa watoto. Sivyo. Trauti ni mgeni, na tarehe yake ya kuingia inajulikana kuliko tarehe za kuzaliwa za babu zetu wengi.

Boma la Waingereza lilijengwa Nyeri Desemba 1902. Mwaka wa 1904 wanajeshi wao waliwashambulia watu wa Iria-ini, wakachoma nyumba na kuchukua mifugo. Mwaka uliofuata, 1905, Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakatiwa katika Gura. Mayai yalisafiri yakiwa yamewekwa kwenye barafu, kwa meli hadi Mombasa na kwa reli hadi bara, na mwisho wa safari kama kawaida ya siku hizo ulikuwa kichwani mwa mpagazi. Mwaka wa 1910 akafuata trauti wa upinde wa mvua, huyu akitoka Afrika Kusini. Ninapoziweka tarehe hizi pamoja, huwa nawafikiria hao wapagazi. Waliona nyumba zikichomwa, kisha wakaambiwa watembee polepole, mzigo usitikisike, ndani yake mna samaki.

Kwa nini samaki, na kwa nini Gura? Jibu ni baridi. Trauti anataka maji yenye hewa nyingi na yasiyozidi nyuzi 20 hivi, na mito inayoshuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya hutoka juu kabisa, kwenye nyasi na matope ya karibu mita 4,000. Katika mito hiyo ya juu hapakuwa na samaki wa kumtosha Mwingereza kwa mchezo wake, ila vijisamaki na kambare wadogo wa milimani wanaojibana kwenye mawe. Wenyeji nao hawakuwa washindani. Agikuyu wa zamani hawakula samaki. Nyama ilikuwa ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, na kitu cha majini kilihesabiwa jamaa ya nyoka. Cucu yangu aliishi hatua chache kutoka mtoni hadi kufa kwake na hakuwahi kukubali sufuria yake ipikiwe samaki.

Kwa hiyo mtu angeweza kusema hatukunyang'anywa chochote, kwani tulipewa samaki ambaye hatukumtaka. Mimi sikubaliani. Tulichonyang'anywa ni ukingo. Samaki alipokuwa mali, mto nao ukawa na mwenyewe. Katika miaka ya ukoloni zikaja sheria za kumlinda: kibali cha kuvua, kipimo cha samaki wa kubeba, idadi kwa siku, na ndoano yenye nzi wa bandia tu, si mnyoo wala mtego. Mtoto aliyeenda kuchota maji akiwa na uzi mfukoni alikuwa tayari mshukiwa. Guka alikuwa akisema kwamba ujanani mwake waliwaogopa walinzi wa mto kuliko viboko wa kule chini Tana.

Upande wa pili wa ukingo huo palikuwa na starehe kubwa. Nyeri ikawa mji wa mapumziko. Hoteli ya Outspan ilijengwa juu ya korongo la Chania, na hapo ndipo Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti na mpenzi wa uvuvi, aliishi tangu 1938 hadi alipofariki Januari 1941. Mwaka wa 1948 serikali ilianzisha kituo cha Kiganjo cha kuangulia vifaranga vya trauti, ili mito isiishiwe. Karibu na hapo, kando ya mto Sagana, ndiko ilikokuwa nyumba ambayo koloni ilimpa Elizabeth kama zawadi ya harusi, na ndimo alimopewa habari ya kifo cha babake tarehe 6 Februari 1952. Alifika binti mfalme, akaondoka malkia. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba, mvua ya mwere ikianza, hali ya hatari ikatangazwa.

Miaka iliyofuata hakuna haja ya kuisimulia kwa watu wa Tetu na Othaya. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilifungwa, atakayeonekana ndani apigwe risasi. Watu wakasukumwa katika vijiji vya lazima. Wale waliokuwa msituni waliijua mito ile vizuri kuliko mvuvi yeyote mwenye kibali, kwa kuwa walitembea ndani ya maji ili nyayo zao zisionekane. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 hapa kwetu, pembezoni mwa msitu. Vuli nyingine tena.

Uhuru ulipofika, kituo cha Kiganjo hakikufungwa, na nyumba ya Sagana ikawa ikulu ndogo ya serikali. Samaki tukarithi pamoja na sheria zake, tukaendelea kuvitunza vyote viwili bila kuuliza sana. Hata leo ukitaka kuvua Chania au Gura ndani ya mbuga unalipia kiingilio na kibali, na ufito na nzi wake ni ghali. Vijana wetu wachache hupata kazi ya kuwaongoza wageni, kuwaonyesha vidimbwi na kuwabebea mizigo. Neno kubeba limetufuata tangu 1905. Hata hivyo wapo sasa wanaovua wenyewe, na wapo wanaofuga trauti katika mabwawa ya maji ya mto na kuwauzia mahoteli. Watoto wetu wanakula samaki bila kutazamana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, maana kitabu hiki cha harambee si cha kusimulia hadithi tu. Trauti ana tabia moja ambayo Grogan hakuileta kwa ajili yetu lakini inatufaa: hastahimili mto mbovu. Maji yakipata joto anapanda juu, yakikosa hewa anakufa. Wavuvi wazee wanakumbuka kumshika chini ya mashamba ya majani chai, mahali ambapo leo humpati. Sababu tunazijua kwa sababu ni zetu. Tumepanda mikaratusi hadi majini, na kivuli cha miti ya asili kikaondoka. Tumelima hadi ukingoni, ingawa kanuni za maji za 2007 zilitaka kuachwa kati ya mita 6 na 30. Mabomba ya kunyunyizia mashamba yanazidi kila mwaka, na mengi hayana kibali chochote. Na huko chini, kuanzia Oktoba hadi Desemba kahawa inapoiva, maji ya kuoshea kahawa yakiachiliwa mtoni badala ya kuingizwa kwenye mashimo yake, mto hunuka hadi barabarani. Yaani msimu ule ule unaotuletea pesa ya karo ndio unaouchafua mto.

Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alikuwa akieleza jinsi kijito alichochezea akiwa mtoto, chenye mayai ya chura, kilivyokauka baada ya mkuyu uliokuwa kando yake kukatwa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004 na tukashangilia, kisha tukarudi kuuza nguzo za mikaratusi. Nasema tukarudi kwa sababu hata shamba la babangu lilikuwa nazo.

Uzio wa umeme wa Nyandarua, uliokamilika 2009, unaulinda msitu ulio juu. Sehemu kati ya uzio na daraja haina mlinzi ila sisi. Maji hayo yanaendesha umeme wa viwanda vyetu vya chai, yanaingia Tana, yanafika bwawa la Masinga, na wakaaji wengi wa Nairobi wanaosoma haya huwasha taa zao kwa maji ya Tana bila kuyafikiria.

Kamati imetenga fungu moja la mchango wa mwaka huu kwa ajili ya ukingo: kununua miche ya mianzi, mikuyu na miti mingine ya asili, na kuwalipa vijana wa kuipanda na kuilinda dhidi ya mbuzi. Wenye mashamba yanayopakana na mto wameombwa waruhusu mikaratusi ing'olewe. Baadhi wamekubali, wengine wanangoja kuona jirani atafanya nini. Kazi itaanza mvua ikishashika, kwani mche uliopandwa vuli una nafasi ya kufikia mvua ya njahi. Atakayefika nyumbani wikendi za Novemba aje na jembe na buti za mpira. Anayetaka kuja na ndoano aje nayo pia, mradi ana kibali.