Dawa za kupunguza uzani wakati wa matibabu ya saratani

Dawa za kupunguza uzani hupunguza hamu ya kula, huchelewesha chakula tumboni au huzuia mafuta yasifyonzwe. Mgonjwa wa Katelembo anayepokea tibakemikali (kemo) katika Hospitali ya Machakos Level 5 hapaswi kutumia hata moja bila daktari wake wa saratani kujua.

Kabla ya dripu muuguzi humpima mgonjwa na kuandika kilo zake kwenye faili, kwa kuwa dozi za dawa nyingi za kemo hukokotolewa kwa uzani na kimo. Kilo zikishuka sana, hesabu hurudiwa. Kukonda ghafla pia ni ishara kwamba huenda saratani inaendelea, na anayetumia dawa hizo kwa siri humpotosha daktari anayeisoma ishara hiyo.

Hamu ya kupunguza uzani ina sababu. Deksamethasoni, inayotolewa kuzuia kutapika, huamsha njaa na kupandisha sukari, na wanawake wengi wenye saratani ya matiti hunenepa wakitibiwa. Wenye saratani ya umio, ambayo imeenea Afrika Mashariki, mara nyingi hufika kliniki wakiwa wamekwisha kukonda. Hao wanahitaji kulishwa.

Semaglutidi, dawa ya sindano ya kupunguza uzani, iliidhinishwa Marekani kwa tiba ya unene mwaka 2021. Huleta kichefuchefu, kutapika na kufunga choo, shida zilezile za kemo. Anayepewa sisplatini, dawa inayoumiza figo, akiishiwa maji mwilini kwa kutapika anaweza kupata madhara makubwa ya figo. Kuacha sindano siku moja kabla ya kemo hakusaidii, maana dawa hukaa mwilini takriban wiki 5. Sehemu ya kilo zinazopotea ni misuli, na mwenye misuli haba huumizwa zaidi na kemo. Semaglutidi haifai kwa mtu ambaye yeye au jamaa yake wa damu amewahi kuugua saratani ya thairoidi ya aina ya medula. Upasuaji ukipangwa, daktari wa nusukaputi naye aambiwe mapema, kwani chakula kinaweza kubaki tumboni hata baada ya mgonjwa kufunga kula.

Chai na vidonge vya kukondesha vya mitaani vinatisha zaidi. Baadhi vimekutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Doksorubisini ya kemo nayo huweza kuudhoofisha moyo huohuo. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutidi bandia. Semaglutidi inunuliwe kwa kemisti mwenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, kwa cheti cha daktari.

Kemo ikiisha, daktari anaweza kuikubali semaglutidi, hasa kwa mwenye unene uliokithiri au kisukari. Dozi huanza miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa polepole, huku mgonjwa akila ndengu, kunde, mayai na isyo (mahindi na maharagwe) ili kulinda misuli. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni huenda ni kuvimba kwa kongosho: sindano isimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.