Jembe la Mkono na Mgongo wa Mkulima wa Pamba Simiyu

Historia ya pamba katika nchi ya Wasukuma huandikwa kwa marobota, bei na majina ya viongozi wa ushirika, ilhali nguvu iliyoizalisha ilikuwa kwanza mgongo wa mkulima aliyeinamia jembe la mkono. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia katika Bariadi, Maswa na Meatu, maeneo ambayo tangu mwaka 2012 yamo katika Mkoa wa Simiyu.

Uti wa mgongo ni safu ya pingili, yaani mifupa mifupi iliyopandana, ambazo mtoto huzaliwa nazo 33. Kati ya hizo, 24 hubaki zikijongea, 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na zilizosalia huungana chini hadi kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili hukaa kisahani cha gegedu, tishu imara inayonepa, ambacho hupokea uzito wa mwili. Mkulima ashikaye jembe la mpini mfupi huinama kuanzia kiunoni, na hapo visahani vya kiuno hubanwa upande wa mbele huku viini vyake laini vikisukumwa nyuma, kuliko na mishipa ya fahamu iendayo miguuni, na misuli ya mgongo hulazimika kushikilia kichwa, mikono, kifua na jembe lenyewe kwa pamoja. Mbavu, jozi 12 zilizoshikamana na pingili za kifua, hulinda moyo na mapafu, lakini pia hutanuka kila mtu avutapo pumzi, wakati kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, kinaposhuka. Kwa aliyejikunja, tumbo hukizuia kiwambo kushuka, na pumzi huwa fupi.

Ndiyo maana ngoma ya shambani haikuwa pambo. Vijana wa kijiji, waliokuwa na kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, walilima kwa makundi wakifuata mdundo, na mdundo huo uliwapangia wakati wa kuinua jembe, wakati wa kulishusha na, kwa kuwa waliimba, wakati wa kupumua. Bugobogobo, ambayo leo huonekana jukwaani wachezaji wakirusha majembe hewani, ilitoka katika kazi hiyo, na inastahili kuhesabiwa miongoni mwa mbinu za uzalishaji za Wasukuma sawa na mbegu na samadi.

Serikali ya kikoloni haikuitazama kazi kwa jicho hilo. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947 wakati Bariadi ikiwa sehemu ya Wilaya ya Maswa, ulileta amri za kilimo na mifugo, ikiwamo ya kulima matuta yaliyofungwa, yaani matuta yaliyounganishwa kwa vituta vya kukatiza ili maji ya mvua yasitiririke. Kwa udongo wa nchi kavu ushauri huo ulikuwa na faida ya kweli, lakini kila kituta kilimaanisha udongo zaidi wa kuinuliwa kwa jembe, na amri zenye adhabu zilizaa chuki iliyowasogeza wakulima kwenye siasa za TANU, chama kilichodai uhuru. Ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, uliounda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, ulipigania mizani ya haki na bei. Uchungu wa kiuno haukuwa na mizani.

Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilipoenea, ilipunguza mzigo wa kulima lakini ikapanua mashamba, na shamba pana lilidai palizi zaidi na uchumaji zaidi, kazi mbili zinazofanywa kwa kuinama. Huko California, Marekani, jembe la mpini mfupi lilipigwa marufuku mwaka 1975, baada ya vibarua wa mashambani na mawakili wao kuonyesha mahakamani kwamba liliharibu migongo. Katika Simiyu, mkoa ulio miongoni mwa inayoongoza kwa pamba Tanzania, palizi imeendelea kutegemea jembe la mkono, na kwa sehemu kubwa imewaangukia wanawake, ambao hupalilia, huchuma, kisha hujitwika maji na kuni katika msimu huohuo.