OIC: mgogoro wa 1993 tuliousahau

Kila Aprili 26 tunaonyeshwa picha ile ile ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Ni picha ya kujivunia. Lakini sidhani kama mwanafunzi wa Kansay, kule Karatu, amewahi kufundishwa kwamba Philip Marmo, mbunge wa Mbulu, wilaya iliyokuwa na Karatu ndani yake enzi hizo, ndiye aliyeongoza kamati ya Bunge iliyochunguza mgogoro uliokaribia kuuvunja Muungano huo.

Mwanzo wa Muungano unajulikana. Zanzibar, nchi ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu, ilipata kiti Umoja wa Mataifa Desemba 1963, ikapindua serikali ya Sultani Januari 12, 1964, na miezi mitatu baadaye ikaungana na Tanganyika. Mambo ya nje yakawa ya Muungano.

Desemba 1992, chini ya Rais Salmin Amour, Zanzibar ikajiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu yenye makao Jeddah. Hoja yake ilikuwa ya uchumi: bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, na OIC ilikuwa na benki yake ya maendeleo. Hoja hiyo haikuwa ya kudharauliwa. Uganda ilikuwa mwanachama tangu 1974, na wengi wa raia wake ni Wakristo.

Kosa lilikuwa kujiunga kimyakimya. Bara ikawaka. Mwezi Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yakavunjwa Dar es Salaam, na kila neno kuhusu dini likawa zito. Kamati ya Marmo ilipomaliza kazi, jibu lake lilikuwa la kisheria tu: Zanzibar imevunja Katiba ya Muungano, maana uanachama wa jumuiya ya mataifa si wa upande mmoja kujiamulia. Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa.

Mambo yangeishia hapo, lakini hayakuishia. Wabunge 55 wa Bara, wakiongozwa na Njelu Kasaka, walikwishachoka. Kama Wazanzibari wanaweza kuikiuka Katiba na Rais Ali Hassan Mwinyi na serikali yake wakanyamaza, walihoji, kwa nini Tanganyika isiwe na serikali yake? Mwezi ule ule Bunge likapitisha azimio la kutaka serikali hiyo, na serikali ya Waziri Mkuu John Malecela, iliyokuwa ikilipinga, ikageuka na kuliunga mkono.

Ni kugeuka huku kulikomkasirisha Mwalimu kuliko OIC yenyewe. Katika kitabu chake cha 1994, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, ambacho ndicho ninachokitegemea hapa, anasimulia jinsi alivyohangaika kuwakumbusha viongozi wa CCM kwamba sera ya chama chao ni serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar. Lawama anaziweka mlangoni kwa Malecela na Katibu Mkuu wa chama, Horace Kolimba, akitaka wawajibike. Nakubaliana naye. Wazanzibari walivunja sheria wakarudi. Wakubwa wa Bara walijua msimamo wa chama wakakosa ujasiri wa kuusema. Azimio likazimwa, na Desemba 1994 Malecela akampisha Cleopa Msuya.

Kitabu hicho kilipaswa kusomwa katika kila sekondari. Badala yake tunabaki na picha ya udongo, na hoja zikirudi tunashtuka kama ndiyo kwanza tunazisikia. Mwaka 2008 Waziri Bernard Membe aliifufua hoja ya OIC, safari hii kwa Tanzania nzima, na maaskofu wakaja juu. Rasimu ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba nayo ikapendekeza serikali tatu, kama akina Kasaka. Bunge Maalumu la 2014 likazifuta, na kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa. Haijapigwa mpaka leo.