Ankara ya Maji Iliyoitikisa Ireland

Mwaka 1977 chama cha Fianna Fáil kiliingia kwenye uchaguzi mkuu wa Ireland kikiahidi kufuta kodi ya nyumba za makazi, kodi iliyozipa halmashauri fedha za kuendesha huduma, maji yakiwemo. Kilishinda kwa kishindo, na kodi ikafutwa. Serikali kuu ilipaswa kufidia pengo, lakini fedha hazikutosha, na sheria ya 1983 ikaziruhusu halmashauri kutoza ada. Wananchi wakang'aka: maji tumekwisha kuyalipia kwenye kodi nyingine, iweje tulipe mara ya pili?

Ada ilipoanza Dublin mwaka 1994, wakazi waligoma na kuchangiana fedha za kuwatetea waliopelekwa mahakamani. Mwaka 1996 Joe Higgins, msoshalisti aliyesimama na wagomaji, alikosa ubunge wa Dublin West kwa kura chache tu. Kabla mwaka haujaisha, serikali ikatangaza kuifuta ada.

Ikarudi kwa njia ya deni. Baada ya mabenki kuanguka, mwaka 2010 ada ya maji iliingizwa katika masharti ya mkopo wa Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Na tuseme haki: waliotaka ada walikuwa na hoja nzito. Mabomba yalikuwa yamechakaa, karibu nusu ya maji yaliyosafishwa yakipotea njiani, na Galway mwaka 2007 watu walichemsha maji ya kunywa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya vimelea vya kriptosporidia.

Lakini serikali ilitanguliza dira za kupimia maji kabla ya bomba. Kampuni mpya ya umma, Irish Water, ilifukia dira zaidi ya 800,000 kwa gharama iliyokaribia nusu bilioni ya euro. Januari 2014 mkuu wake, John Tierney, alisema redioni kwamba euro milioni 50 zilikwenda kwa washauri elekezi. Baadaye ikafahamika kuwa bajeti ya kuianzisha kampuni ilikuwa takriban milioni 180. Kwa watu waliokwisha kukatwa mishahara na kupandishiwa kodi, hilo lilikuwa tusi. Mwezi Oktoba, ada ilipoanza, makumi ya maelfu waliandamana Dublin.

Novemba serikali ikalegeza kamba: euro 160 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake, 260 kwa kaya nyingine, kisha ruzuku ya euro 100 kwa kila kaya itakayojiandikisha. Hata aliyekataa kulipa ankara angeweza kuipata! Viwango hivyo vikawa kikomo cha ankara, na dira zile za gharama zikabaki na kazi ndogo tu ya kuikokotoa. Wapinzani waliuliza: tukiondoa ruzuku, dira, washauri na wakusanyaji, kinabaki nini cha kutengenezea mabomba? Julai 2015 taasisi ya takwimu ya Ulaya, Eurostat, iliamua kampuni ihesabiwe ndani ya vitabu vya serikali, hivyo mpango wa kampuni kukopa nje ya bajeti ukaanguka.

Baada ya uchaguzi wa 2016 ada ilisimamishwa. Mwaka uliofuata ikafutwa, na karibu kaya milioni moja zilizokuwa zimelipa zikarudishiwa zaidi ya euro milioni 170. Gharama ya kuzirudisha nayo ilitoka hazina ya umma.