Kutoka kelele za Mtaa wa Kongo hadi kioo cha simu: Intaneti ilivyobadili biashara Kariakoo

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hawakuwahi kuukubali sana usemi huo. Katika eneo ambalo maduka mengi yaliyopangana huuza shati la aina moja, bidhaa nzuri isiyotembezwa hubaki kwenye rafu hadi mtindo wake upitwe na wakati.

Kwa miongo mingi kutembeza huko kulifanywa kwa miguu na kwa sauti. Leo sehemu kubwa hufanywa kwa picha zinazotumwa kwa simu ya mkononi, na mnunuzi aliyeko Songea au Lubumbashi huweza kuliona gauni lililotundikwa Mtaa wa Kongo siku ile ile lilipotolewa kwenye robota. Mabadiliko hayo yamefungua mlango kwa watu wengi wasio na duka wala mtaji mkubwa. Hata hivyo, yamemtwika mnunuzi jambo ambalo zamani hakuwa nalo sokoni: kutoa fedha kwanza na kuiona bidhaa baadaye.

Soko lililojitangaza kwa sauti

Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambao walikuwa na kambi katika eneo hilo. Jengo la soko linalofahamika kwa paa lake lenye umbo la miavuli lilibuniwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, na kukamilika katikati ya miaka ya 1970. Kulizunguka jengo hilo, mitaa ya Kongo, Msimbazi, Aggrey, Mchikichi, Sikukuu na Narung'ombe iligeuka kuwa eneo kubwa la biashara ya jumla na rejareja, linalowahudumia wanunuzi wa mikoani pamoja na wale wa Zambia, Malawi, Burundi, Kongo na Komoro.

Katika mitaa hiyo utangazaji wa bidhaa ulikuwa na watu wake. Alikuwapo mpiga debe aliyesimama mlangoni na kutaja bei kwa sauti ya juu. Baadaye sauti yake ilirekodiwa na kurudiwa na kipaza sauti kidogo kutwa nzima. Alikuwapo pia winga, neno linalofahamika vyema kwa wapenzi wa kandanda. Winga hana duka. Humpokea mteja barabarani, humuuliza anachotafuta, humpeleka kwenye duka analolijua, na riziki yake hutokana na kiasi anachoongeza juu ya bei ya mwenye duka.

Magazeti, redio na televisheni vilikuwa vya wakubwa. Vyombo binafsi vya utangazaji viliporuhusiwa katika miaka ya 1990, Radio One na ITV vikianza kurusha matangazo mwaka 1994, kampuni za bia, sabuni na baadaye simu ndizo zilizonufaika zaidi. Mwenye fremu moja ya viatu hakuwa na uwezo wa kulipia tangazo la redio kila siku, na hata kama angeweza, angekuwa analipia kusikika na watu ambao wengi wao hawakuhitaji viatu.

Mkongo wa baharini na fedha ndani ya simu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti ya Dar es Salaam ilikuwa ya kukodi kwa saa katika vibanda maalumu. Ilikuwa ya taratibu na ya gharama, kwa sababu mawasiliano ya nje ya nchi yalipitia zaidi kwenye setilaiti. Hali ilianza kubadilika Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kutoa huduma, na mwaka uliofuata ukafuatiwa na mkongo wa EASSy.

Wakati huo huo, mambo mengine mawili yalikuwa yakitokea. Simu za kisasa za bei nafuu kutoka China zilianza kujaa katika maduka ya Kariakoo kwenyewe. Aidha, huduma za fedha kwa simu zilienea kwa kasi: M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini mwaka 2008, na baadaye Airtel Money na Tigo Pesa, ambayo tangu kampuni ya Tigo ibadili jina Novemba 2024 huitwa Mixx by Yas.

Mitandao ya kijamii iliikuta hali hiyo. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, WhatsApp 2009 na Instagram 2010. Hakuna hata mmoja kati ya mitandao hiyo uliobuniwa mahususi kuwa soko. Lakini mfanyabiashara aliyekuwa na picha, namba ya simu na akaunti ya fedha katika kifaa kimoja alikwisha kupata mahitaji yote ya kufungua duka.

Duka kubwa la mtandaoni lilivyoshindwa

Kulikuwa na matarajio kwamba biashara ya mtandaoni nchini ingefuata njia ya Marekani na Ulaya, yaani tovuti kubwa yenye ghala lake, bei zilizoandikwa na magari ya kusambaza mizigo. Kampuni ya Jumia ilijaribu njia hiyo katika nchi kadhaa za Afrika. Aprili 2019 hisa zake ziliorodheshwa katika soko la hisa la New York, na Novemba mwaka huo huo ikasitisha shughuli zake Tanzania, siku chache baada ya kufanya hivyo Cameroon.

Ukiitazama Kariakoo, si vigumu kuona ugumu wa mfumo huo. Tovuti kubwa hubeba gharama za ghala, wafanyakazi na madereva kabla ya kuuza hata soksi moja. Muuzaji wa Instagram habebi gharama hizo, kwa kuwa ghala lake ni maduka ya watu wengine na dereva wake ni bodaboda anayelipwa na mteja. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa Kariakoo amezoea kupatana bei, kuuliza maswali na kumjua anayemuuzia. Mazungumzo ya WhatsApp humpa nafasi hiyo, wakati tovuti yenye bei isiyobadilika haimpi.

Winga ahamia mtandaoni

Kinyume na dhana kwamba intaneti huondoa watu wa kati, Kariakoo imewaongeza. Winga wa leo hupita madukani asubuhi akipiga picha za mzigo mpya. Picha hizo huziweka kwenye ukurasa wake, kwenye stetasi ya WhatsApp na katika makundi ya wateja, bila kununua hata kitu kimoja. Mteja anapoagiza na kulipa, ndipo winga anaporudi dukani kuchukua bidhaa.

Tuchukulie mfano wa gauni ambalo mwenye duka humpa winga kwa Sh20,000. Winga analitangaza kwa Sh28,000, na nauli ya bodaboda ni juu ya mteja. Akiuza magauni matano kwa siku amepata Sh40,000 kabla ya kutoa gharama ya bando, nauli zake na muda wake, na mtaji wa bidhaa haukutoka mfukoni mwake. Mwanafunzi wa chuo, mama mwenye mtoto mchanga nyumbani au mwajiriwa anayetafuta kipato cha ziada huweza kuifanya kazi hiyo.

Udhaifu wa utaratibu huu ni kwamba winga anauza kitu kisichokuwa mikononi mwake. Picha iliyopigwa asubuhi inaweza kuwa ya gauni la mwisho, na saa nane mchana rangi aliyoitaka mteja imekwisha. Hapo mteja huombwa achague rangi nyingine au asubiri mzigo ujao, huku fedha yake ikiwa tayari imepokelewa. Wengine hawapigi picha kabisa, bali huchukua picha nzuri za mitandao ya nje, kisha mteja akaletewa bidhaa inayofanana nayo kwa mbali.

Kwa nini bei haiandikwi

Jambo linalowaudhi wanunuzi wengi ni tangazo lenye kila kitu isipokuwa bei, likimtaka mteja "aje inboksi". Kibiashara zipo sababu za kufanya hivyo. Muuzaji hataki jirani yake aijue bei na kuishusha kwa Sh500. Mwenye duka la jumla hataki mteja wake wa mkoani aone bei anayowapa wengine. Winga naye hataki mnunuzi ajue tofauti iliyopo kati yake na duka. Isitoshe, kila anayeuliza bei huacha jina na mara nyingi namba yake ya simu, na orodha ya watu wanaotaka viatu ni mali kuliko orodha ya wapita njia.

Hata hivyo, faida hiyo ni ya upande mmoja. Intaneti ilipaswa kumwezesha mnunuzi kulinganisha bei za maduka kumi kwa dakika kumi. Pale bei inapofichwa, analazimika kuuliza mara kumi na kusubiri majibu, na kwa kawaida huchoka na kununua kwa aliyejibu wa kwanza.

Fedha mbele, mzigo nyuma

Ndani ya Dar es Salaam bado wapo wauzaji wanaokubali kulipwa mzigo unapofika. Kwa wateja wa mikoani, fedha hutangulia. Mzigo hufungwa, huandikwa jina na namba ya simu, kisha hukabidhiwa kwa basi. Tangu mwaka 2021 mabasi mengi ya mikoani huanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, badala ya Ubungo. Mteja hutumiwa picha ya stakabadhi ya basi, na kesho yake huenda kuuchukua mzigo wake Mwanza, Mbeya au Mtwara.

Utaratibu huo hufanya kazi kwa sababu ya uaminifu, na hapo ndipo matapeli walipopata upenyo. Hufungua ukurasa, huiba picha za muuzaji anayefahamika, hutangaza bei ya chini kuliko ya soko, hupokea fedha na kuufunga ukurasa. Idadi kubwa ya wafuasi nayo si kinga, kwa kuwa wafuasi hununuliwa na kurasa zenye wafuasi huuzwa.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa njia ya mtandao, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo inaufanya udanganyifu wa kompyuta kuwa kosa la jinai. Ugumu uko kwenye kiasi: aliyetapeliwa Sh35,000 akiwa Tabora mara chache hufunga safari ya kufungua kesi dhidi ya mtu asiyemjua aliyeko Dar es Salaam.

Mwenye fremu na mwenye simu

Mwenye duka ana malalamiko yake. Analipa kodi ya pango, wakati mwingine baada ya kutoa kilemba ili apate fremu. Analipa leseni, kodi ya mapato na gharama za mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti. Mshindani wake anaweza kuwa kijana mwenye simu asiyelipa lolote kati ya hayo. Kodi ilikuwa miongoni mwa sababu za wafanyabiashara wa Kariakoo kufunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024.

Lakini mara nyingi mwenye fremu na mwenye simu hutegemeana, kwa maana bila winga wa mtandaoni sehemu ya shehena ya duka isingemfikia mteja wa Kigoma. Tishio kubwa zaidi kwa wote wawili liko mbali na Mtaa wa Kongo. Mtandao ule ule unaomwonyesha mteja wa Lubumbashi duka la Kariakoo unamwonyesha pia kiwanda cha Guangzhou na soko la Yiwu.

Aidha, mfanyabiashara wa mtandaoni ni mpangaji wa mwenye nyumba asiyemjua. Mtandao ukibadili utaratibu wake, tangazo lililokuwa likionwa na wengi huonwa na wachache mpaka lilipiwe. Akaunti ikidukuliwa au kufungwa, wateja wa miaka mitano hupotea kwa usiku mmoja. Na intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, duka lililokuwa ndani ya simu lilifungwa bila mwenyewe kuulizwa. Mfanyabiashara makini huandika namba za wateja wake kwenye daftari.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mnunuzi wa mbali, hatua chache zinapunguza hatari. Kwanza, omba muuzaji akupigie simu ya video akiwa ameishika bidhaa unayoitaka. Pili, lipa kwa Lipa Namba ya biashara na ulitazame jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina likitofautiana na lile la duka, uliza sababu. Tatu, kwa mara ya kwanza agiza kitu kidogo. Nne, uliza mtaa, jengo na namba ya fremu, kisha mwombe ndugu au rafiki aliyeko Dar es Salaam apite hapo. Tano, hifadhi mazungumzo yote na ujumbe wa malipo, kwa sababu ndiyo ushahidi wako. Namba inayotumika kwa utapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Kwa muuzaji, njia ya kujitofautisha na matapeli haihitaji gharama kubwa: kuandika bei, kutaja mahali alipo, kupiga picha zake mwenyewe, kutoa risiti na kusema mapema kama hubadilisha bidhaa yenye kasoro. Mteja wa Songea hawezi kulishika gauni kabla ya kulilipia, na mambo hayo matano ndiyo yote anayoweza kuyapima akiwa kwake.