Mgeni asiyepewa jembe: Waingereza, waomba hifadhi na msaada wa serikali

WAHENGA walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake haina utata: mgeni hukirimiwa, lakini akikawia hutarajiwa kushika kazi pamoja na wenyeji wake. Mwaka wa 1962, Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake kuhusu Ujamaa, akisisitiza kuwa katika jamii ya jadi ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi.

Nchini Uingereza, mjadala kuhusu wageni wanaoomba hifadhi umekuwa ukizunguka papo hapo kwa takriban miaka 30. Wananchi wengi hulalamika kwamba watu hao hula jasho la walipa kodi bila kufanya kazi yoyote. Lisilofahamika na wengi ni kwamba sheria ya nchi hiyo ndiyo inayowazuia kuajiriwa. Mgeni hulaumiwa kwa kutolima, ilhali jembe limefungiwa ghalani.

Nani ni nani

Sehemu ya mzozo huu hutokana na kuchanganya makundi matatu ya watu. Mwomba hifadhi ni yule aliyewasilisha ombi lake kwa serikali na angali anasubiri uamuzi. Mkimbizi ni yule ambaye ombi lake limekubaliwa kwa misingi ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi. Huyu ana ruhusa ya kufanya kazi, na akikosa kazi anaweza kuomba msaada wa serikali kama raia.

Kundi la tatu ni la wahamiaji wanaoingia kwa viza ya kazi. Wauguzi na watunzaji wa wazee kutoka Kenya walioajiriwa Uingereza wamo humu. Hulipa kodi, lakini kwa kawaida viza zao huwanyima malipo ya ustawi wa jamii yatokayo katika hazina ya umma. Barabarani, hata hivyo, hakuna anayemuuliza mtu karatasi zake kabla ya kumtupia maneno.

Fikra iliyozeeka

Chuki dhidi ya anayepokea msaada haikuanza na wageni. Sheria ya Maskini ya mwaka wa 1601 iliipa kila parokia jukumu la kuwatunza fukara wake, lakini iliwatofautisha wasiojiweza na wale waliodhaniwa kuwa wavivu. Sheria mpya ya 1834 ilikaza kamba zaidi. Mtu mwenye nguvu aliyetaka msaada alipaswa kuingia katika nyumba maalumu za kazi, na kanuni ilikuwa kwamba hali yake humo iwe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje. Nia ilikuwa kuwafanya watu waogope kuomba.

Wageni waliunganishwa na hofu hiyo mapema. Sheria ya Wageni ya 1905, iliyotungwa wakati Wayahudi wengi walipokuwa wakikimbia mateso mashariki mwa Ulaya, iliwapa maafisa wa bandari uwezo wa kumrudisha mtu asiyeweza kujikimu, ingawa iliwaachia mlango wale waliokimbia mateso ya kidini au ya kisiasa. Malipo ya kwanza ya uzeeni, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1908, yalitengewa raia wa muda mrefu, na aliyekuwa na mazoea ya kukwepa kazi hakustahili.

Ripoti ya William Beveridge ya Desemba 1942, iliyozaa mfumo wa sasa wa ustawi wa jamii, ilijengwa juu ya wazo la mchango: mfanyakazi huchangia kila wiki, naye husaidiwa apatwapo na ugonjwa, uzee au ukosefu wa kazi. Mfumo huo uliungwa mkono na umma kwa sababu ulionekana kuwa haki iliyolipiwa. Kwa mtazamo huo, mgeni aliyewasili jana ni mtu anayekula asichochangia.

Milango yafungwa

Mwezi Februari 1996, serikali ya chama cha Conservative iliwanyima malipo ya ustawi wote walioomba hifadhi baada ya kuingia nchini badala ya kuomba walipofika bandarini au uwanja wa ndege. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha kanuni hizo mwezi Juni, lakini Bunge lilizirejesha kwa sheria mwaka uo huo. Oktoba 1996, Mahakama Kuu iliamua kwamba mabaraza ya miji yaliwajibika kuwatunza waliobaki bila chochote, kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Taifa ya 1948. Mzigo ukawa umehamishiwa London na miji ya bandari, na malalamiko yakazidi.

Serikali ya Labour ilijaribu njia nyingine. Sheria ya 1999 iliwaondoa waomba hifadhi katika mfumo wa kawaida wa ustawi, na kuanzia Aprili 2000 watu wazima walipewa takriban asilimia 70 ya msaada wa kimsingi wa raia asiye na kipato. Sehemu kubwa ilitolewa kwa vocha zilizopokewa katika maduka fulani tu, na mwenye duka hakutakiwa kurudisha chenji. Mnunuzi aliyetoa vocha mbele ya foleni alijulikana mara moja. Bill Morris, kiongozi wa chama kikuu cha wafanyakazi wa uchukuzi na mwenyewe mzaliwa wa Jamaica, aliupinga mpango huo vikali, na mwaka wa 2002 vocha zikaondolewa.

Ni mwaka uo huo ambapo maombi yalifika 84,130, bila kuhesabu wategemezi. Hadi wakati huo, mwombaji aliyesubiri miezi sita aliweza kupewa ruhusa ya kufanya kazi. Julai 2002 utaratibu huo ulifutwa. Mwaka wa 2005, kwa kutii agizo la Umoja wa Ulaya, serikali iliruhusu mtu aliyesubiri miezi 12 bila kosa lake aombe ruhusa. Mwaka wa 2010 ruhusa hiyo ilibanwa tena: kazi yenyewe sharti iwe katika orodha ya taaluma zenye upungufu wa wafanyakazi.

Mahakama ziliweka mpaka. Novemba 2005, majaji wa Bunge la Malodi, ambao wakati huo walikuwa mahakama ya mwisho, waliamua katika kesi ya waombaji watatu kutoka Angola, Ethiopia na Sudan kwamba kumnyima mtu kazi na papo hapo kumnyima msaada hadi alale nje kwa njaa ni ukatili unaokiuka haki za binadamu.

Yanayosemwa na yaliyopo

Msaada wenyewe ni kiasi gani? Mwaka wa 2024, mwomba hifadhi aliyepewa makao na anayejipikia alipata pauni 49.18 kwa wiki. Aliyewekwa hotelini na kupewa chakula alipata chini ya pauni 10. Raia asiye na kazi, mwenye umri wa miaka 25 au zaidi na asiye na mwenzi, alipata pauni 393.45 kwa mwezi kama malipo ya msingi, yaani takriban pauni 90 kwa wiki.

Picha iliyo katika akili za watu ni tofauti. Uchunguzi wa maoni uliotangazwa Julai 2013 na kampuni ya Ipsos MORI, Chama cha Kifalme cha Takwimu na Chuo cha King's cha London uligundua kwamba umma ulidhani pauni 24 katika kila pauni 100 za malipo ya ustawi huibwa kwa udanganyifu. Makadirio rasmi yalikuwa senti 70 za pauni. Waliohojiwa walidhani wahamiaji ni asilimia 31 ya watu wote, ilhali walikuwa takriban asilimia 13. Asilimia 29 waliamini kuwa serikali hutumia pesa nyingi zaidi kwa wasio na kazi kuliko kwa wazee, kumbe malipo ya uzeeni yalizidi yale mengine mara 15.

Hata hivyo, haifai kuyapuuza malalamiko yote kuwa ni uzushi. Tangu 2000 serikali imekuwa ikiwatawanya waomba hifadhi katika miji ambako nyumba ni za bei nafuu, na nyumba huwa za bei nafuu pale ambapo viwanda vimefungwa na ajira ni haba. Wakazi wa Glasgow, Middlesbrough au Stoke-on-Trent hawakuulizwa. Zaidi ya hayo, mwaka wa 2023 serikali ilisema kuwa hoteli za waombaji zinaigharimu takriban pauni milioni 8 kwa siku. Pesa hizo huingia mifukoni mwa wenye hoteli na wanakandarasi, lakini lawama humwangukia aliyelala humo.

Mwishoni mwa Julai 2024, baada ya watoto watatu kuuawa mjini Southport, uvumi ulienea kwamba muuaji alikuwa mwomba hifadhi aliyewasili kwa mashua. Ulikuwa uongo, kwani alizaliwa Cardiff. Hata hivyo, magenge yalivamia hoteli za waombaji karibu na Rotherham na mjini Tamworth, na kujaribu kuziteketeza.

Je, kazi huwavuta wageni?

Wanaotetea marufuku ya kazi husema kwamba ajira ni chambo: ikiruhusiwa, wanaotafuta riziki tu watajifanya wakimbizi na kulikwepa lango la viza. Hoja hii ina uzito kwa wapiga kura, na serikali za vyama vyote viwili vikuu zimeishikilia.

Wapinzani wake huutaja utafiti ulioagizwa na Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe na kuchapishwa mwaka wa 2002. Ulionyesha kwamba waombaji wengi hawakujua mengi kuhusu msaada wala ajira za Uingereza kabla ya kufika. Walioamua waende wapi mara nyingi ni mawakala waliowasafirisha, na wengine walivutwa na jamaa, lugha au uhusiano wa kikoloni. Kwa upande wake, Umoja wa Ulaya ulipunguza muda wa kungojea ruhusa ya kazi hadi miezi tisa mwaka wa 2013, kisha hadi miezi sita katika sheria yake ya 2024.

La ajabu ni kwamba umma wenyewe si mkali kwa jambo hili. Kura za maoni zimekuwa zikionyesha kuwa Waingereza wengi wangependelea mwombaji aruhusiwe kufanya kazi baada ya miezi kadhaa. Wengi wanaomkasirikia anayepokea msaada wangefurahi kumwona akijitegemea.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Ukraine. Vita vilipozuka 2022, raia wa nchi hiyo waliruhusiwa kufanya kazi na kupata malipo ya ustawi tangu siku ya kwanza, na familia zilizowakaribisha zikapewa pauni 350 kwa mwezi kama shukrani. Hakukuwa na kilio kikubwa cha umma kuhusu gharama. Aprili mwaka uo huo, serikali ilitia sahihi mkataba wa kuwapeleka waombaji wengine Rwanda. Mahakama ya Juu iliukataa Novemba 2023, na serikali mpya ikauacha Julai 2024, baada ya watu wanne tu kwenda huko kwa hiari.

Wabarawa wa London

Miongoni mwa waliowahi kusubiri katika foleni hizo ni Wabarawa, watu wa pwani ya Somalia ambao lugha yao, Chimwini, ni ndugu ya Kiswahili. Waliikimbia vita vya 1991, wengi wakapitia Mombasa kabla ya kufika kaskazini mwa London. Juni 2013 kituo chao katika mtaa wa Muswell Hill kilichomwa moto. Majirani waliwaunga mkono, na Wayahudi wa eneo hilo, ambao baadhi ya mababu zao walikuwa wageni waliolengwa na sheria ya 1905, waliwafungulia milango.

Funzo karibu na nyumbani

Kenya nayo inalijua swali hili. Tangu Dadaab ilipoanzishwa 1991 na Kakuma 1992, wakimbizi wengi wamezuiliwa kambini wakitegemea mgao wa chakula, huku majirani zao, hasa Waturkana, wakilalamika kwamba wageni wanalishwa ilhali wenyeji wanalala njaa. Lakini uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Fedha uliotolewa 2018 ulipata zaidi ya biashara 2,000 ndani ya Kakuma. Wakimbizi walikuwa wakijishughulisha hata kabla ya kuruhusiwa.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilitambua haki yao ya kufanya kazi, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaonuia kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wageni na wenyeji watatumia shule na hospitali zilezile. Uingereza ilielekea upande mwingine: Novemba 2025, Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, alitangaza mapendekezo ya kuifutia serikali wajibu wa kuwasaidia waomba hifadhi, ili msaada uwe wa hiari, na kuwanyima walio na ruhusa ya kazi lakini hawafanyi kazi.

Pendekezo hilo la mwisho litawagusa wachache, maadamu walio na ruhusa yenyewe ni wachache. Wengine wataendelea kukaa bure kwa amri ya sheria, na anayepita nje ya hoteli yao asubuhi akienda kazini atawaona wamekaa, bila kujua ni nani aliyewakataza kusimama.