Malale, Sindano za Koch na Dhamana ya Tabibu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, imamu wa Ngara au Biharamulo anaweza kuulizwa siku yoyote: mtu aliyekubali kuingia katika utafiti wa dawa akadhurika, nani anabeba madhara yake? Katika mkoa wa Kagera suala hili lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1906 Robert Koch, tabibu Mjerumani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1905, alikuja Afrika Mashariki kutafuta dawa ya malale. Alipiga kambi visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, akawadunga wagonjwa atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki, na aseniki ni sumu. Alianza na nusu gramu. Vijidudu viliporejea katika damu, akapandisha hadi gramu 1. Hapo baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na nuru ya macho yao haikurudi tena. Mwaka 1907 ikafunguliwa kambi nyingine Kigarama, katika nchi ya Kiziba kaskazini ya Bukoba, kwa ajili ya waliokwenda Uganda kutafuta kazi wakarudi na ugonjwa.

La kushangaza ni kwamba Desemba 1900 serikali ya Prussia ilikwisha waagiza wakuu wa hospitali zake kuwa mtu asifanyiwe majaribio bila kuelezwa madhara na kuridhia waziwazi. Agizo hilo halikuvuka bahari. Huku makoloni wagonjwa walitafutwa kwa msaada wa watawala wa kienyeji. Lakini mtawala hana uwalii juu ya mwili wa mtu mzima mwenye akili timamu, na idhini yake haisimami mahali pa idhini ya mwenye mwili.

Sheria yetu inasemaje? Ipo hadithi katika Sunan za Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kuwa anayejitia kutibu na hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) katika Zad al-Ma'ad akawagawa matabibu mafungu matano. Hodari aliyepewa idhini na asivuke mpaka hana dhamana. Hodari aliyejitahidi akakosea katika dawa, ipo dhamana. Rai moja inaiweka kwa aakila wake, nyingine kwa Baytul-Maal. Na diya ya macho mawili ni diya kamili, ngamia 100. Jicho moja ni nusu yake.

Mtafiti yuko fungu gani? Kwa maoni yangu hawezi kujificha katika fungu la kwanza. Tabibu anasamehewa kwa sababu kazi yake yote ni kwa manufaa ya mgonjwa aliye mbele yake, na kipimo cha dawa anakijua. Mtafiti bado anakitafuta kipimo hicho, na faida inakwenda kwa wengine. Atoksili hiyohiyo ilichunguzwa na Paul Ehrlich huko Frankfurt, na katika kazi hiyo ikapatikana Salvarsan, dawa ya kaswende iliyouzwa duniani kuanzia mwaka 1910. Wanazuoni wana kanuni: al-ghurmu bil-ghunmi, hasara humfuata mwenye faida.

Atasema msemaji: lakini siku hizi mtu anatia saini. Naam, anaridhia kuchomwa sindano. Ama kusamehe kabla madhara ambayo hata mtafiti hayajui, madhhabu yetu ya Shafii haisahihishi ibraa ya kisichojulikana, wala kuangusha haki ambayo bado haijathubutu. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lilikaa kwa miongo kadhaa kabla ya kutamka, katika marekebisho ya mwaka 2013, kuwa aliyedhurika lazima atibiwe na alipwe fidia.

Na ridhaa yenyewe ina sharti la hiari. Aprili 1994 Ngara ilipokea wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakivuka daraja la Rusumo. Mtu wa namna hiyo, anayengoja mgao wa unga, akiletewa karatasi na wenye koti jeupe, imamu amuulize kwanza kama anajua kuwa akikataa mgao wake hautaguswa. Kisha aulize fidia italipwa na nani, na fedha yake imewekwa wapi.

Wallahu a'lam.